Moshi Usio na Mwenyewe

Juni 3

Laini ya umeme ya kuvuka mpaka imewashwa leo saa nne asubuhi. Tuliambiwa tuvae vizuri kwa sababu wapiga picha wangeingia chumba cha udhibiti. Hawakuingia. Nimeshinda na viatu vinavyonibana, nikitazama tarakimu kwenye skrini zikipanda: megawati kumi, arobaini, themanini, mia. Umeme wa nchi jirani ukawa unaingia kwetu kwa mara ya kwanza. Mkuu wa kitengo alishika kiuno akasema, "Mnaona? Maji matupu hayo. Umeme wa bwawa, hauna hata chembe ya moshi." Akapiga makofi peke yake, sisi wengine tukafuata kwa adabu.

Mimi ni mtunza takwimu. Kila siku najaza jedwali: kila kituo kimezalisha yuniti ngapi, na kwa kila yuniti gramu ngapi za hewa ukaa zimekwenda angani. Jedwali lilikuwa na safu sita, moja kwa kila kituo. Leo nimeongeza ya saba, "Kutoka nje". Kompyuta ikagoma, haitaki safu isiyo na kiwango cha moshi. Sikuwa na kiwango, hakuna aliyenipa, na Mkuu alitaka karatasi mezani kabla ya saa nane. Nikaweka sifuri ili hesabu iende.

Kikao cha Wizara cha mwezi wa kumi ndicho kitakachoamua kama kituo cha zamani cha mafuta mazito kifungwe, na kitaamua kwa jedwali hili. Kaka yangu anafanya kazi kituo hicho.

Juni 4

Utaratibu mpya. Saa moja asubuhi napiga simu ng'ambo ya mpaka, kwa mwenzangu wa chumba chao. Yeye anasoma mita ya kwake, mimi ya kwangu. Tofauti ndiyo iliyopotea njiani. Halafu kila mmoja anamwambia mwenzake mashine zipi zimewaka leo, na mimi naandika kwa penseli pembeni mwa daftari la zamu. Nilimuuliza nimwite nani. "Niite Jirani," akasema, "si ndivyo tulivyo?" Ana sauti ya mtu anayependa kula.

Juni 8

Hakuna jipya. Viatu nimevirudisha kabatini.

Juni 15

Kaka amerudi kutoka kazini saa nane mchana, jambo ambalo sijaliona tangu ahamie kwangu baada ya kufiwa na mkewe. Kituoni kwao wana mitambo sita. Leo wameambiwa wazime minne kwa sababu laini inatosha. Alikaa jikoni na buti zake za kazi miguuni, nami nikamwacha, ingawa sakafu nilikuwa nimeipiga deki asubuhi.

"Tumeshinda tunacheza karata," akasema. "Mafundi kumi na wanane, watu wazima, tunacheza karata."

"Nani kashinda?"

"Mlinzi."

Mtambo wake ndio wa kwanza kusimikwa pale, wenyewe wanauita Bibi. Ameuhudumia miaka ishirini na saba. Mimi nilikuwa na miaka kumi na miwili alipoanza, na mshahara wake wa kwanza ulininunulia sare ya shule. Kila nilichosoma, hesabu hizi zikiwemo, nimesomeshwa na moshi wa Bibi. Hili sijamwambia mtu kazini.

Juni 30

Jedwali la mwezi limekamilika. Moshi wa nchi umeshuka sana. Mkuu amechapisha mchoro wa takwimu hizo, mkubwa kama mlango, na kuubandika ukutani. Waziri atasema kwenye hotuba kwamba laini "imefuta moshi wa kituo cha zamani". Namba yangu kwenye mdomo wa Waziri! Nilijisikia vizuri, kwa nini nifiche. Nyumbani sikusema kitu.

Julai 11

Mafua. Mwenzangu wa zamu amepiga simu badala yangu.

Julai 19

Jirani anasema kwao mvua zilizopita zilikuwa za kudanganya na bwawa limeanza kuonyesha mawe. "Leo tumewasha Namba Tatu," akasema.

"Namba Tatu ni nini?"

"Ya makaa ya mawe. Kuukuu, lakini inakula hiyo, mama, inakula!"

Nikaandika pembeni: N3. Kisha nikamuuliza kama amekunywa chai.

Julai 27

N3.

Agosti 2

Joto. Vumbi limeingia hata kwenye vitufe vya kompyuta. Kituoni kwa Kaka wamekatazwa kuagiza vipuri. Yeye amechonga kipete cha pampu kwa mkono, kutoka kipande cha shaba alichokiokota. Alinionyesha kama mtu anayeonyesha mtoto mchanga.

Agosti 9

N3. Jirani ana kikohozi, anasema ni vumbi la kwao.

Agosti 10 hadi 14

N3 siku zote tano. Mkuu anauliza kwa nini sitabasamu asubuhi.

Agosti 23

Barua imefika kituoni kwa Kaka. Inasema, kwa lugha ya kubembeleza, kwamba "kulingana na takwimu" kituo kinaweza kufungwa mwisho wa mwaka, na wafanyakazi wajiandae. Takwimu hizo ni zangu. Kaka aliisoma kwa sauti mezani, akaikunja vizuri, akaiweka chini ya bakuli la chumvi.

"Hii ni namba yako?" akauliza.

"Ni yangu."

"Umeihakiki?"

"Kaka, mimi nafanya kazi hiyo miaka kumi na mitatu."

"Sijakuuliza miaka. Nimekuuliza umeihakiki."

Nilikasirika. Nilimwambia mtu akikaa na injini muda mrefu anaanza kudhani dunia nzima inanguruma kwa ajili yake. Naandika haya na bado nimekasirika, na kinachoniudhi zaidi ni kwamba swali lake lilikuwa zuri.

Agosti 31

N3. Jedwali la mwezi linasema moshi bado uko chini. Mkuu anafikiria kubandika mchoro wa pili.

Septemba 9

Leo nitaandika yote, maana kichwa hakitanipa nafasi nisipoandika.

Tulipomaliza kusoma mita, Jirani aliniambia nisikate. "Nisomee jumla ya umeme mliochukua Agosti," akasema. "Naijaza fomu yetu ya moshi, nataka kuutoa huo."

"Kuutoa wapi?"

"Kwenye hesabu yetu. Umeme tuliouza nje, moshi wake si wetu. Ni wa aliyenunua. Fomu ndivyo inavyosema."

Kalamu ilikuwa mkononi, nikaiweka chini. "Moshi upi, Jirani?"

"Wa Namba Tatu, mwingine upo? Sisi wenyewe bwawa linatutosha, hata likishuka. Namba Tatu tunaiwasha kwa ajili yenu. Mkipunguza kuchukua, tunaizima."

"Kwetu umeme huo tunauandika hauna moshi," nikasema. "Sisi tunasema moshi ni wa aliyezalisha."

Nilisikia kiti chake kikilia.

"Basi ni wa nani?"

"Ndiyo nakuuliza."

"Mama, mimi nimeuliza kwanza."

Tukacheka, wote wawili, kicheko cha watu waliogundua kwamba kila mmoja alidhani mwenzake ndiye aliyemchukua mtoto shuleni. Kisha kicheko kikaisha. Miezi miwili Namba Tatu imechoma makaa, moshi umepanda juu, na kwenye vitabu vya nchi mbili haupo. Wao wameutoa, sisi hatukuuweka.

Nilifungua jedwali nitafute ni nani aliyeamua kwamba safu ya saba iwe sifuri. Nilidhani nitakuta barua, waraka, saini ya mtu mwenye cheo. Kompyuta inatunza kila badiliko na jina la aliyelifanya. Juni 3, saa saba na dakika arobaini mchana. Mimi. Hakuna aliyeamua. Mkuu aliamini kwa sababu iko kwenye jedwali, Wizara ikaamini kwa sababu Mkuu kaamini, Waziri akasimama akaisema, na barua ikafika hadi chini ya bakuli la chumvi nyumbani kwangu. Hata mimi niliiamini, na mimi ndiye niliyeiweka ili niende nikavue viatu.

Kwa penseli yangu mwenyewe niliandika N3 siku baada ya siku, pembeni mwa daftari lile lile, na sikuunganisha. Naona aibu. Nimeona aibu kazini, njiani, na sasa naiona hapa.

Septemba 10

Nimemwambia Kaka. Nilipiga moyo konde nikaanza na sehemu ya aibu, kwamba kosa ni langu. Hakuisikia hata kidogo. Alitaka namba.

Nikamwambia: mitambo yenu, kwa kila yuniti moja, gramu mia sita na themanini. Namba Tatu, ukichanganya na umeme unaopotea njiani, elfu moja na sitini.

Alisimama. "Rudia."

Nikarudia.

"Bibi ni msafi kuliko hao!" Akagonga meza hadi vijiko vikaruka. "Miaka ishirini na saba naambiwa nafanya kazi kwenye takataka, kumbe Bibi ni msafi!"

"Siku ambazo Namba Tatu imewaka, Kaka. Siku nyingine umeme unatoka kwenye maji."

"Imewaka leo?"

"Imewaka."

"Jana?"

"Na jana."

"Basi!" Akaenda kuoga akiimba. Sijamsikia akiimba tangu msiba.

Septemba 12

Kaka alisahau chakula chake nikakipeleka kituoni. Nadhani alikisahau makusudi, maana mafundi wote walikuwa wamenisubiri getini. Mmoja akaniita "mkombozi". Nilitamani ardhi ipasuke.

Kaka alinitembeza mwenyewe. Sakafu ya pale ni chuma chenye vitundu, na harufu ya mafuta inakaa kooni. Mitambo mitano ilikuwa imezimwa. Bibi alikuwa amewaka peke yake kwa ajili ya kutuliza volti mjini, na joto lake lilinifikia hatua kumi mbali. Mwili wote umepigwa rangi ya kijani, umefutwa, hauna hata tone la mafuta pembeni. Kaka aliweka kiganja kwenye kifuniko akanifundisha kusikiliza: huu mlio ni wa vali, huu wa pampu, huu ukibadilika kimbia. Mimi nilikuwa najua kituo hiki kwa safu ya nne ya jedwali. Nilikuwa nimekiona kama doa jeusi la kufutwa, na sikuwahi kufikiri kwamba kuna mtu anayelisafisha kila siku kwa kitambaa.

"Utawaambia lini?" akauliza.

"Nikimaliza kuhesabu."

"Si umeshahesabu?"

Juni nilikuwa sijaihesabu, na siku zile bwawa lao lilikuwa limejaa, Namba Tatu imelala.

Septemba 14

Kwa Mkuu. Nilifunga mlango nyuma yangu, naye akajua si habari njema. Nilimweleza. Alisikiliza akiwa ameshika miwani mkononi, na bila miwani anaonekana mzee kuliko ninavyomfikiria.

"Nani aliweka sifuri?"

"Mimi, Mkuu."

"Kwa ruhusa ya nani?"

"Ulitaka karatasi kabla ya saa nane."

Nilitegemea afoke, nikaona anatazama mchoro wake ukutani. Akasema, "Nimemwandikia Waziri hotuba mbili kwa hiyo sifuri." Halafu: "Unajua watasema nini. Kaka yako yuko kituoni pale."

"Najua."

"Namba yoyote ikitoka mkononi mwako itaitwa namba ya kaka yako."

"Basi fanya wewe, Mkuu. Andika barua ng'ambo, waombe orodha yenye mhuri ya siku ambazo Namba Tatu iliwashwa kwa ajili yetu. Hawatakataa, wao wanataka moshi huo uwe wetu. Hesabu uifanye kwa mkono wako."

Aliguna. Nilikuwa nimemweka kwenye kundi la wapiga makofi, nami huwa sitoi watu kwenye makundi yao haraka. Lakini kabla sijatoka alikuwa ameshaanza kuandika barua.

Septemba 20

N3. Jirani anasema makaa yamechelewa na wanachoma hata unga wa chini ya ghala.

Septemba 25

N3.

Oktoba 1

Nimejumlisha Agosti na Septemba peke yake. Kati ya siku sitini na moja, Namba Tatu imewaka siku arobaini na tisa. Kwa miezi hiyo miwili laini imeleta moshi mwingi kuliko ambao Bibi na wenzake wangeutoa, na si kwa kidogo: kwa kila yuniti gramu mia nane na hamsini, dhidi ya mia sita na themanini.

Kaka alikuwa anasoma juu ya bega langu. Sikujua amesimama pale.

"Peleka hiyo," akasema.

"Hii ni miezi miwili."

"Ni ya kweli au si ya kweli?"

"Ni ya kweli."

"Basi peleka. Hujadanganya mtu. Mkuu wako alipeleka Juni, na Juni nayo ilikuwa mwezi mmoja. Mbona yeye hakuambiwa asubiri?"

Nilimwambia nitahesabu msimu mzima, tangu laini iwashwe hadi wiki ya mwisho kabla ya kikao. Akavuta kiti, akakaa karibu nami kama alivyokuwa anakaa zamani akinisimamia nifanye kazi za shule.

"Mdogo wangu, mimi nina miaka hamsini na minne. Nikimwaga unga sasa, nani ataniajiri? Najua injini moja tu duniani. Sikuombi uongo. Nakuomba uchague ukweli unaonifaa."

Nikamwambia nitafikiria. Na kweli nimefikiria, wacha niseme wazi kwenye daftari langu mwenyewe. Nimefikiria hadi nikaandika kichwa cha habari: "Hali ya Agosti na Septemba". Kinapendeza. Hakuna ambaye angenigundua, kwa sababu hakuna cha kugundua.

Oktoba 3

Nimekifuta, na Kaka nimemwambia.

Oktoba 8

Jirani anasema leo Namba Tatu imezimwa mchana. Mawingu kwao. Nilimuuliza, "Mawingu ya kweli?" Akasema, "Ya kweli, mama, nimeingiza ndani nguo nilizoanika."

Oktoba 9

Mvua kwao tangu alfajiri. Mashine ya makaa imelala. Jirani anafurahi na mimi nasikitika, tunaongelea mvua ile ile.

Oktoba 13

Imefika na kwetu. Paa la ofisi linavuja pale pale linapovuja kila mwaka, na ndoo ni ile ile. Kaka hasemi na mimi sana. Anakula, anashukuru, anakwenda chumbani.

Oktoba 21

Barua kutoka ng'ambo imekuja na mhuri. Siku sitini na moja kati ya mia moja na arobaini. Mimi kwa penseli nilikuwa na sitini. Mkuu alitafuta siku iliyobaki hadi akaipata: Julai 11, siku ya mafua yangu. Mwenzangu alipiga simu, hakuandika. Wiki nzima kabla ya siku niliyodhani ndiyo ya kwanza, Namba Tatu ilikuwa imeshawashwa mara moja.

Kisha Mkuu alivua saa, akachukua karatasi tupu, akahesabu mwenyewe toka mwanzo. Mimi nilikaa na mikono mapajani. Alipofika mwisho alirudia kwa kikokotoo, halafu akanigeuzia karatasi.

Kwa kila yuniti iliyoingia kwa laini, msimu mzima, gramu mia nne na sitini na mbili. Bibi na wenzake, mia sita na themanini. Laini imepunguza moshi kwa asilimia thelathini na mbili. Haikuufuta. Haikuuongeza. Imepunguza theluthi, na huu ulikuwa msimu wa kiangazi. Mvua zikiendelea, bwawa likijaa, itapunguza zaidi.

"Theluthi," akasema Mkuu. "Nani anakata utepe kwa theluthi?"

Nilikuwa natafuta kosa lake. Nimepitia mistari yote, nikitamani kwa moyo wangu wote awe amekosea kujumlisha. Hakukosea.

Oktoba 22

Kaka alikuwa anapiga buti zake rangi mlangoni. Nilimwambia namba nikiwa nimesimama, maana nikikaa nisingesema.

"Kwa hiyo Bibi ni mchafu," akasema.

"Siku sitini na moja Bibi ni msafi kuliko laini. Siku sabini na tisa laini haina moshi kabisa. Ukiweka zote pamoja, laini inashinda."

"Utapeleka zote pamoja."

"Nitapeleka zote pamoja, na orodha ya kila siku nyuma yake, ili waone kiangazi kilivyo."

Aliendelea na brashi. "Mimi nilikusomesha hesabu," akasema, wala hakusema kwa hasira. Ningependa angesema kwa hasira.

Oktoba 26

Kikao. Meza ndefu, chupa za maji, watu wa Wizara watano. Mkuu alisimama akasema mwenyewe kwamba takwimu za mwanzo zilikuwa na kosa la kitengo chake. Hakunitaja. Nikanyoosha mkono nikasema kosa lilikuwa langu, nikaeleza lilivyotokea, na mama mmoja wa Wizara akaandika kitu kirefu. Bwana aliyekaa pembeni yake akauliza kama ni kweli nina ndugu kituoni.

"Kaka yangu wa tumbo moja," nikasema. "Ndiyo sababu hesabu imefanywa na Mkuu, na barua ya ng'ambo iko ukurasa wa tano."

Akafungua ukurasa wa tano. Akasoma hadi mwisho, akafunga. Waliuliza maswali mengine, ya maana. Wataandika wakubaliane na ng'ambo nani ahesabu moshi upi, ili usipotee tena katikati. Nimetoka nguo zikiwa zimelowa jasho, na mvua nje.

Oktoba 28

N3 haipo. Mvua.

Novemba 4

Uamuzi umetoka. Kituo hakifungwi chote. Mitambo miwili inabaki, iwashwe wiki za kiangazi ambapo ng'ambo wangelazimika kuwasha makaa. Mingine minne inafungwa. Inayobaki ni miwili mipya zaidi, kwa sababu inakula mafuta kidogo, na kila mtambo unabaki na mafundi wake.

Bibi ndiye wa kwanza kufungwa.

Nimesoma waraka mara tatu. Ile sifuri yangu ingewatoa mafundi wote kumi na wanane. Hesabu ya kweli imebakiza sita. Hesabu ya Agosti na Septemba peke yake ingewabakiza wote, Kaka akiwemo. Anajua, maana yeye ndiye aliyeniambia nipeleke hiyo.

Novemba 8

Leo wamemzima Bibi. Walimpa Kaka heshima ya kubonyeza kitufe. Sikwenda, sikualikwa, na ningealikwa sijui kama ningeweza. Kazini niliona tu kwenye skrini, saa tano na dakika kumi, safu ya nne ikishuka. Jirani alikuwa kwenye simu ya pili, ya kurekebisha volti. Akaniuliza kwa nini sauti imebadilika, nikamwambia mafua.

Kaka alifika nyumbani kabla yangu. Alikuwa amepika, amepakua sahani mbili, amefunika. Mikono yake ilikuwa safi hadi kwenye kucha, na sijawahi kuiona hivyo. Tulikula. Alinieleza jinsi mlio ulivyopungua, vali kwanza, pampu mwisho, na kwamba baada ya hapo walisikia ndege wakilia nje, na yeye hakuwahi kujua kama kituoni pale kuna ndege.

Kisha akaweka kijiko chini.

"Nataka kukuuliza kitu, na usinidanganye kwa sababu ya huruma. Siku ile unafuta ile karatasi ya miezi miwili. Ungejua kwa hakika kwamba atakayeachwa nje ni mimi, ungeifuta?"

Nilijua jibu. Nimelijua tangu Oktoba, na nililala nalo siku zote hizo.

"Ningeifuta," nikasema.

Aliitikia kwa kichwa taratibu, kama fundi aliyesikia mlio aliokuwa anautarajia. Nikaanza kulia. Nililia vibaya, mdomo wazi, mtu mzima wa miaka thelathini na tisa, nikimwomba msamaha kwa kitu ambacho nimetoka kumwambia ningekifanya tena. Akainuka, akazunguka meza, akaweka mkono wake msafi kichwani pangu kama zamani nilipokuwa nikifeli mtihani.

"Nyamaza, mdogo wangu," akasema. "Nyamaza. Sasa nitaamini na zile namba zako nyingine."